Jumanne: Aliyeitwa Binti

Soma Marko 5:25–34. Mwanamke huyu aliugua miaka 12, akamgusa Yesu kwa siri. Yesu alimwitaje mbele ya umati?

Dodoma, Kondoa au Mpwapwa, mama mjamzito hupimwa VVU kliniki. Kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye hupimwa kwanza, hulaumiwa kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa nyumbani. Lakini kipimo huonyesha kwamba virusi vipo. Hakionyeshi nani alianza kuambukizwa. Ndiyo maana ni vema mume na mke wapimwe pamoja.

Pasipo dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU huweza kuambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Dawa zikitumiwa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Mama huyu anahitaji pia kuchunguzwa saratani ya mlango wa kizazi. Kumwombea ni wajibu; kumwambia aache dawa kwa sababu ameombewa ni kumhatarisha yeye na mtoto.

Tafakari: Mama akificha dawa zake zisionwe na washiriki wenzake, anaogopa nini kanisani kwenu? Darasa lenu litafanya nini ili asiogope tena?