Somo la Sita: Mshahara au Biashara? Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kuandika Barua ya Kuacha Kazi

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hutajwa mara nyingi mfanyakazi anapowaeleza ndugu zake kwamba anakusudia kuacha kazi na kufungua biashara. Hata hivyo, methali haimkatazi mtu kutamani msala. Inamwonya tu asiutupe mkeka wake mkuukuu kabla ule mwingine haujafika mkononi.

Somo hili halikusudii kumshauri msomaji abaki kazini, wala aondoke. Uamuzi huo ni wake na wa familia yake. Lengo ni kumwezesha kulinganisha mambo mawili kwa kipimo kimoja, kwa sababu mara nyingi watu hulinganisha mshahara unaobaki mkononi na mauzo ya biashara ambayo bado hayajatolewa gharama. Ulinganisho wa namna hiyo hupotosha.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kukokotoa thamani kamili ya ajira aliyonayo;
(b) kutofautisha mauzo, faida na kipato cha mmiliki wa biashara;
(c) kutambua hatima ya mkopo wake baada ya mshahara kukoma, na
(d) kuuliza maswali sahihi kabla ya kukopa au kuwekeza.

1. Thamani kamili ya ajira

Mshahara unaoingia benki kila mwezi ni sehemu tu ya malipo ya mfanyakazi. Sehemu nyingine haionekani hadi siku inapohitajika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 zenye malipo. Inampa pia likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Mwanamke anayejifungua hupata siku 84 za likizo yenye malipo. Aidha, mfanyakazi aliyeumia kazini analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri.

Katika sekta binafsi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri huchangia angalau nusu yake. Kwa waajiri wengi kuna pia mchango wa bima ya afya. Mfanyabiashara anayejiajiri hugharamia haya yote mwenyewe: akiugua wiki mbili, duka hufungwa au huachwa mikononi mwa mtu mwingine, na kodi ya pango huendelea kudaiwa.

Tuchukue mfano wa karani wa Morogoro mwenye mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Baada ya kodi ya mapato na mchango wake wa NSSF wa shilingi 90,000, hupokea takribani shilingi 730,000. Mwajiri naye humwekea NSSF shilingi 90,000 nyingine. Kwa hiyo, bila kuhesabu bima ya afya wala likizo, biashara itakayochukua nafasi ya ajira hii inapaswa kumpa shilingi 730,000 za matumizi na shilingi 180,000 za hifadhi ya uzeeni, yaani jumla ya shilingi 910,000 kila mwezi.

2. Mauzo si kipato

Karani wetu anakusudia kufungua steshenari karibu na chuo: kutoa nakala, kuchapa, kuuza daftari, kalamu na rimu za karatasi. Amekaa na mwenye duka jirani na kuona kwamba mauzo ya shilingi 80,000 kwa siku yanawezekana. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni shilingi 2,080,000 kwa mwezi. Ukilinganisha na mshahara wa shilingi 900,000, biashara inaonekana kuwa na neema kubwa.

Sasa tutoe gharama. Tuseme kati ya kila shilingi 100 anazouza, shilingi 60 zinarudi kununua karatasi, wino na bidhaa nyingine. Zinabaki shilingi 832,000. Kutoka humo atalipa kila mwezi:

Pango la fremu: shilingi 120,000
Umeme: shilingi 40,000
Msaidizi mmoja pamoja na michango yake ya kisheria: shilingi 280,000
Kodi, leseni na ada, kwa wastani wa mwezi: shilingi 30,000
Matengenezo ya mashine na akiba ya kununua nyingine: shilingi 60,000
Jumla: shilingi 530,000

Kinachobaki ni shilingi 302,000. Hiki ndicho kipato chake, wala si shilingi 2,080,000.

Je, auze kiasi gani ili asipungukiwe? Anahitaji shilingi 530,000 za gharama na shilingi 910,000 za kwake, jumla shilingi 1,440,000. Kwa kuwa katika kila shilingi 100 za mauzo anabakiwa na shilingi 40, ni lazima auze shilingi 3,600,000 kwa mwezi, sawa na takribani shilingi 138,500 kila siku ya kazi. Swali lake sasa limebadilika. Mwanzo alijiuliza, "Je, biashara inalipa?" Sasa anapaswa kujiuliza, "Je, eneo hili lina wateja wa kununua bidhaa na huduma za shilingi 138,500 kila siku, hata wanafunzi wanapokuwa likizo?" Swali la pili linaweza kujibiwa kwa kuchunguza na kuhesabu, na halihitaji ujasiri wala bahati.

Takwimu hizi ni za mfano. Msomaji aweke zake, lakini afuate mpangilio huohuo.

3. Mkopo unaokatwa kwenye mshahara

Wafanyakazi wengi wana mkopo unaolipwa kwa makato ya mshahara. Mkopeshaji alikubali kutoa fedha hizo kwa sababu mshahara ulikuwa dhamana yake. Mfanyakazi anapoacha kazi, dhamana huondoka, lakini deni hubaki.

Tuseme karani wetu anakatwa shilingi 220,000 kwa mwezi. Akiacha kazi na biashara ikampa shilingi 302,000 kama tulivyokokotoa, atabakiwa na shilingi 82,000 za chakula, nauli, ada za watoto na matibabu. Biashara yenyewe haijafeli. Ina faida kila mwezi. Kilichoielemea ni deni lililokopwa kwa ajili ya maisha mengine.

Kabla ya kuandika barua, soma mkataba wa mkopo na umwombe mkopeshaji akupe kwa maandishi: salio la deni hadi leo, iwapo anaweza kudai salio lote kwa mkupuo ajira inapokoma, na iwapo inawezekana kupanga upya marejesho. Uliza pia bima ya mkopo inalinda nini. Kwa kawaida bima hiyo hulenga kifo au ulemavu wa kudumu, na si uamuzi wa mkopaji kuacha kazi.

4. Mtaji na wakopeshaji

Mjasiriamali anayeanza huwa na haraka, na wakopeshaji wasio waaminifu wanalijua hilo. Sheria ya Biashara ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeweka watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopeshana. Mkopeshaji halali anapaswa kuwa na leseni au usajili wa daraja lake. Omba uoneshwe, kisha hakiki kwa mamlaka inayohusika.

Mikopo ambayo mitaani huitwa "kausha damu" ina riba inayotajwa kwa wiki au kwa mwezi, ili ionekane ndogo. Ukikopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, riba pekee ni shilingi 100,000 kila mwezi. Ndani ya miezi sita utakuwa umelipa shilingi 600,000, na kama hukupunguza deni la msingi, bado unadaiwa shilingi 500,000 zilezile. Usitie saini karatasi isiyojazwa, wala usikabidhi kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri.

Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ulizia masharti kwa afisa maendeleo ya jamii wa eneo lako.

5. Matangazo ya "kuwa bosi wako mwenyewe"

Mtu aliyechoka na kazi ni mteja rahisi wa ahadi kubwa. Msomaji anaweza kukumbuka kisa cha DECI, mpango ambao wanachama wake waliambiwa "wapande mbegu" ili wavune zaidi, na ambao ulisimamishwa na serikali mwaka 2009. Upatu wa aina hiyo ni kosa la jinai nchini. Dalili yake ni moja: malipo ya wa kwanza hutoka katika fedha za wanaofuata, wala si katika bidhaa au huduma inayouzwa kwa mteja wa kweli.

Ukiitwa kwenye "fursa", uliza: Kama hakuna mtu mpya atakayejiunga kuanzia kesho, faida yangu itatoka wapi? Asipokuwepo wa kukujibu, funga pochi yako.

6. Ajira nayo si ngome

Ni vema kusema pia upande wa pili. Mkataba wa muda maalumu hufika mwisho. Kampuni hupunguza wafanyakazi. Mfanyakazi asiye na ujuzi mwingine wala akiba anaweza kupoteza kila kitu kwa barua moja. Kwa sababu hiyo, kubaki kazini bila maandalizi nako ni kujiweka hatarini.

Njia ya kati inafaa wengi: kuanza biashara kwa kiwango kidogo ukiwa bado kazini. Kwanza, hakikisha mkataba wako hauikatazi, wala haigongani na maslahi ya mwajiri. Pili, usitumie saa wala vifaa vya ofisi. Tatu, andika kila shilingi inayoingia na kutoka kwa miezi isiyopungua sita. Daftari hilo litakushauri vizuri kuliko rafiki yeyote, kwa kuwa halikupendi wala halikuchukii.

7. Ukiamua kuondoka

Anayelipwa kwa mwezi anapaswa kutoa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa kama yuko katika mwezi wa kwanza wa ajira. Kagua pia iwapo mkataba wako unadai muda mrefu zaidi. Dai malipo ya siku za likizo ulizolimbikiza na hati ya utumishi.

Fahamu pia kwamba anayeacha kazi kwa hiari hapati fao la upotevu wa ajira, wala kiinua mgongo cha kisheria ambacho hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Usijenge mtaji wako juu ya fedha ambazo hutalipwa.

Kuhusu NSSF, pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180. Aliyekwisha kuchangia miezi 132 amebakiza miezi 48 tu. Anaweza kuendelea kama mchangiaji wa hiari, badala ya kuiacha miaka 11 ya jasho lake isimame pale ilipofikia.

Maswali ya kujipima

Kaa na mwenzi wako, au mtu mwingine atakayeathirika na uamuzi huu, mjibu kwa kalamu na karatasi:

1. Thamani kamili ya ajira yangu kwa mwezi ni shilingi ngapi?
2. Ni lazima niuze kiasi gani kwa siku ili nifikie thamani hiyo?
3. Nina akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi mingapi, mbali na mtaji wa biashara?
4. Nitakapoacha kazi, nani atanidai, na kiasi gani?
5. Nikiugua mwezi mzima, nani atafungua biashara na nani atalipia matibabu?
6. Biashara isipofikia lengo, nitasimama tarehe gani, na baada ya kupoteza kiasi gani?

Swali la sita ndilo hurukwa zaidi, na ndilo linalookoa nyumba. Aliyeweka kikomo mapema hupoteza mtaji wa kuanzia na kubaki na uzoefu. Asiyekiweka huendelea kuuza vitu vya ndani, kimoja baada ya kingine, akisubiri mwezi ujao uwe bora.

Ikiwa umejibu maswali yote sita na hesabu inakubali, andika barua yako kwa utulivu. Ikiwa bado haijakubali, si lazima uache nia yako. Huenda ni suala la kumaliza mkopo kwanza, au kuweka akiba kwa mwaka mmoja zaidi.