Sokwe wa Budongo na Funzo kwa Wakazi wa Mpakani

Katika vituo vya Busia na Malaba, malori hupita usiku na mchana. Baadhi hubeba mbao, mengine makaa, kutoka Uganda na hata Kongo. Mkazi wa Nambale au Matayos anayenunua mlango wa mahogani au gunia la makaa ni nadra kuuliza mti ulikatwa wapi. Somo hili linaeleza kwa nini swali hilo ni muhimu, kwa kuangalia sokwe wa msitu mmoja wa hifadhi: Budongo, magharibi mwa Uganda, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Busia.

Sokwe wako wapi?

Kenya haina sokwe wa mwituni siku hizi. Zamani walikuwako: meno ya sokwe yenye umri wa takriban miaka nusu milioni yalipatikana karibu na Ziwa Baringo, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2005. Sokwe wanaoonekana nchini sasa wako katika makao ya Sweetwaters, Laikipia, yaliyofunguliwa mwaka 1993 kupokea sokwe waliookolewa kutoka Burundi.

Uganda bado inao. Makadirio ya mwaka 2003 yalionyesha takriban sokwe 5,000 nchini humo, na kati yao takriban 600 walikuwa Budongo. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa karibu kilomita 800 za mraba, na zaidi ya nusu yake ni msitu mnene. Mtafiti Vernon Reynolds alianza kuwachunguza sokwe wa huko mwaka 1962, na mwaka 1990 akaanzisha mradi wa utafiti unaoendelea hadi leo.

Sokwe huongezeka polepole sana. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka 13 hivi, kisha huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano au sita. Jike mmoja akiuawa, pengo lake huchukua miaka mingi kuzibwa.

Hatari nne

Ya kwanza ni mitego. Wawindaji hutega tanzi za waya, kama ule wa breki za baiskeli, ili kunasa paa na nguruwe mwitu. Sokwe hatafutwi, lakini akipita hunaswa mkono au mguu. Ana nguvu ya kuung'oa mtego, ila waya hubaki umekaza nyamani hadi kidole au kiganja kinakatika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba katika kundi la Sonso, Budongo, karibu sokwe mmoja kati ya kila watano alikuwa na kilema cha namna hiyo.

Ya pili ni kupungua kwa msitu. Mashamba ya miwa yamefika ukingoni mwa Budongo. Vipande vya misitu vilivyofuata mito kuelekea msitu wa Bugoma, ambavyo sokwe walivitumia kama njia, vimefyekwa kwa wingi. Sokwe aliyekosa matunda msituni huingia shambani kula miwa, maembe na mapapai. Mkulima hupata hasara, na hatari haiishii kwenye mazao: katika eneo la Hoima, sokwe wamewajeruhi watoto na hata kuwaua. Kwa hiyo msitu unapokwisha, sokwe na mkulima huumia pamoja.

Ya tatu ni magonjwa. Sokwe anafanana na binadamu kimwili kiasi kwamba huambukizwa maradhi yetu. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale, virusi vya mafua ya binadamu viliua sokwe watano katika kundi la sokwe 56. Ndiyo maana wageni wanaokwenda kuwaona hutakiwa kuvaa barakoa na kukaa mbali nao.

Ya nne ni biashara ya watoto wa sokwe. Mama hamwachi mtoto wake, hivyo mwindaji humuua mama kwanza. Mwaka 2005, sokwe wachanga waliokuwa wakisafirishwa kinyume cha sheria walinaswa katika uwanja wa ndege wa Nairobi, wakapelekwa Sweetwaters.

Kisa cha mti wa mwale

Kisa kimoja cha Budongo kinaonyesha jinsi jambo dogo linavyoweza kuzaa kubwa. Mwale ni mti wa jamii ya mitende, na majani yake hutoa nyuzi imara. Wakulima wa tumbaku waliokuwa jirani na msitu walizitumia kufungia majani ya tumbaku ili yakauke. Wakulima wa Teso waliowahi kulima zao hilo wanaijua kazi hiyo vizuri. Miwale ilivunwa kupita kiasi hadi ikatoweka katika sehemu hiyo ya msitu.

Kumbe sokwe walikuwa wakila kiini cha miwale iliyooza ili kupata chumvi. Ilipokwisha, walitafuta chumvi kwingine. Watafiti waliwaona wakila kinyesi cha popo kilichorundikana katika shimo la mti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulipata aina 27 za virusi katika kinyesi hicho, mojawapo ikiwa ya jamii moja na virusi vilivyosababisha UVIKO-19. Utafiti haukuonyesha kwamba kuna mtu aliyeugua kwa sababu hiyo. Hata hivyo, ulionyesha njia ambayo ugonjwa unaweza kupita kutoka kwa popo hadi kwa wanyama wengine, na mwishowe kwa binadamu. Kamba ya kufungia tumbaku ndiyo iliyofungua njia hiyo.

Kinachofanyika

Budongo ni msitu wa serikali ya Uganda, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Vikosi vya kuondoa mitego huzunguka msituni mara kwa mara, na baadhi ya waliokuwa wawindaji wamepewa mbuzi wa kufuga ili waache kutega. Mpango huo unatambua kwamba mwindaji naye ana familia ya kulisha. Sokwe waliookolewa hutunzwa katika kisiwa cha Ngamba, Ziwa Viktoria, tangu mwaka 1998. Aidha, mkataba wa kimataifa wa CITES unakataza biashara ya sokwe wa mwituni.

Wajibu wa mkazi wa mpakani

Mnunuzi wa mbao na makaa ana nafasi yake. Kanuni za makaa za mwaka 2009 nchini Kenya zilitaka makaa yasafirishwe yakiwa na kibali na cheti kinachoonyesha yalikotoka. Mwenye duka au fundi seremala anaweza kudai stakabadhi hizo kabla ya kulipa. Miti ya kupanda shambani, kama vile grevilea na mikaratusi, hupunguza haja ya kuni na mbao za misitu ya asili.

Mtu akiona mtoto wa sokwe au mnyama mwingine wa mwituni akisafirishwa, asimnunue kwa kumhurumia, kwa sababu kununua humpa mwindaji sababu ya kurudi msituni. Apige ripoti kwa afisi ya KWS, chifu, au maafisa wa kituo cha mpakani.

Maswali ya kujadili shuleni na katika vikundi

1. Kwa nini kifo cha sokwe jike mmoja ni hasara kubwa kwa kundi zima?
2. Eleza hatua kwa hatua jinsi kilimo cha tumbaku kilivyowafikisha sokwe kwenye kinyesi cha popo.
3. Je, kuna mmea katika kijiji chenu unaovunwa haraka kuliko unavyoota? Ni nani, binadamu au mnyama, anayeutegemea?