Kuteguka kwa Kifundo cha Mguu

Mtoto akicheza mpira akakanyaga ukingo wa shimo, mguu hupinduka, naye huanguka akilia. Wenzake humjia mbio, na mmoja humshika wayo auvute kwa nguvu ili mguu urudi mahali pake. Wema wao ni mkubwa, lakini jambo hilo ni la hatari, maana hawajajua bado ni kitu gani kilichoumia.

Mifupa ya kifundo imefungwa pamoja kwa kano, zilizo mfano wa kamba ngumu. Kano zikivutwa kupita kiasi, ndiko kuteguka. Upande wa nje kano ni tatu, nazo ni nyembamba; upande wa ndani ni pana na imara. Kwa hiyo wayo ukigeukia ndani, za nje ndizo ziumiazo, na wengi wanaoteguka huteguka hivyo. Za ndani huumia kwa nadra. Ipo na aina ya tatu: kano zinazounganisha ile mifupa miwili ya muundi, juu kidogo ya kifundo, huumia wayo ukizungushwa kwa nguvu kuelekea nje. Hapo uvimbe waweza kuwa mdogo, na mgonjwa akadhaniwa mvivu. Kumbe aina hii hukawia kupona kuliko ile ya nje.

Kano ikivutika tu, mtu huchechemea siku chache. Ikichanika nusu, kifundo huvimba na damu huvilia chini ya ngozi; hayo ni ya majuma kadhaa. Ikikatika kabisa, kifundo hulegea, na kupona kwaweza kuchukua miezi.

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, katika nchi ya Kanada, walitoa kanuni ya kutambua nani apigwe picha ya eksirei. Asiyeweza kwenda hatua nne tangu alipoumia, au aumiaye akibonyezwa mfupa wenyewe wa jicho la mguu, huenda amevunjika. Mtoto na aangaliwe zaidi, kwa kuwa karibu na ncha za mifupa yake pana sehemu laini ya kukulia, nayo yaweza kuvunjika kabla ya kano kukatika.

Basi mguu usivutwe wala usichuliwe. Uinuliwe, uwekewe kitambaa cha maji baridi, kisha ufungwe. Vidole vikifa ganzi, kifungo kilegezwe. Maumivu yakipungua, mgonjwa asimame kwa mguu huo mmoja kila siku, akishika ukuta, maana kifundo kisichozoezwa huteguka tena upesi.