SOMO LA WANACHAMA: TIBA YA MAZUNGUMZO KATIKA VIVUKO VYA MAISHA



Chama cha ushirika hujengwa na watu kabla ya kujengwa na hisa. Mwanachama anapoelemewa moyoni, shamba lake huota magugu, mikutanoni haonekani, na mkopo wake huchelewa kulipwa. Mara nyingi Kamati humwandikia barua ya onyo, ilhali ndugu huyo anahitaji msaada wa namna nyingine. Somo hili laeleza msaada huo, nao ni tiba ya mazungumzo.

1. Chanzo cha shida

Maisha yana vivuko. Kijana huoa, mke huzaa mtoto wa kwanza, mtumishi hustaafu, mjane hubaki na shamba peke yake. Kila kivuko humtwika mtu wajibu mpya na kumvua wa zamani. Hata kivuko cha furaha chaweza kulemea: mama aliyejifungua huweza kulia kila usiku, akaona haya kusema kwa sababu watu wote wanampongeza. Fundi mchongaji naye huweza kukaa mbele ya gogo siku nzima, mikono isitende neno.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani, Gerald Klerman na Myrna Weissman, waliunda tiba inayotazama mambo manne: msiba, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko ya wajibu, na upweke.

2. Mfano wa Masaka na Rakai

Mwaka 2002 tiba hiyo ilijaribiwa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, nchini Uganda, ambako UKIMWI ulikuwa umeacha misiba mingi. Wanaume na wanawake walikaa katika vikundi mbalimbali. Viongozi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa majuma mawili. Vikundi vilikutana mara moja kwa juma, dakika 90 kila mara, kwa majuma 16. Kila mtu alieleza juma lake lilivyopita na jinsi mambo yalivyougusa moyo wake. Wenzake wakamsaidia kutafuta hatua ya kuchukua.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Miongoni mwa waliopata tiba, wenye ugonjwa wa sonona walipungua kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Miongoni mwa wasioipata, walipungua kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7. Ni kweli kwamba wengine hupona kwa kupita kwa siku; lakini waliosaidiwa walipona wengi zaidi.

3. Kazi ya mnasihi

Mnasihi husikiliza, huuliza, na hutunza siri. Haamui nani mkosaji katika ndoa, wala hatoi amri. Mzee wa ukoo husuluhisha. Mnasihi humsaidia mtu aione njia yake mwenyewe. Mwanachama anayemtafuta aulize mapema: Umefunzwa wapi? Siri yangu italindwaje? Tutakutana mara ngapi, na kwa malipo gani? Asiporidhika, ana haki ya kutafuta mwingine.

4. Wajibu wa Kamati

(a) Mjumbe mmoja anayeaminiwa amtembelee mwanachama faraghani. Mazungumzo hayo yasiandikwe katika kumbukumbu za mkutano, wala yasichanganywe na madai ya mkopo.

(b) Amwelekeze kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, au hospitali ya wilaya. Mama aliyejifungua aweza kuanzia kliniki anakopeleka mtoto.

(c) Mke anayepigwa asilazimishwe kuketi na mpigaji kwa ajili ya suluhu. Usalama wake ndio wa kwanza.

(d) Anayesema kwamba maisha hayana maana tena asiachwe peke yake. Dawa za kuulia wadudu ziondolewe nyumbani mwake, naye afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Ghala la Chama nalo lifungwe kwa kufuli, kwa maana sumu iliyo karibu humwahi mtu kabla ya msaada.

5. Maswali ya kujadiliana

(i) Ni vivuko gani vinavyowalemea zaidi wanachama wa kijiji chetu?

(ii) Ni nani katika Chama chetu anayeweza kupewa siri akaitunza?

(iii) Kabla ya kuandika barua ya onyo, Kamati yetu hufanya nini?