Ushauri wa Shangazi: Kilio Huanza Mfiwa

SWALI

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Uingereza na tunaishi Lincolnshire. Babake mama mkwe alikuwa mpiga bunduki wa mkiani katika ndege ya mabomu aina ya Lancaster. Usiku mmoja wa mwaka 1944 waliruka watu saba kwenda Ujerumani, na ndege haikurudi. Mama mkwe alikuwa bado tumboni. Mamake aliitunza simu ya maandishi iliyomjulisha kwamba mumewe hajulikani alipo, na mpaka anafariki alikataa kuhama nyumba ile. Alisema mume akirudi asije akakuta wageni.

Sasa mtafiti mmoja wa Uholanzi amemwandikia mume wangu kwamba vipande vya ndege vimeonekana shambani, na huenda ni ndege yao. Mume wangu anasema mama ni mtu mzima sana, tusimtoneshe kidonda. Mimi moyo unanisuta kila ninapoketi naye. Na binti yangu wa miaka kumi na mmoja ameniuliza mabomu ya babu yaliwaangukia akina nani. Sikuwa na jibu. Nifanye nini?

Mkwe Mwenye Siri

JIBU

Mambo haya ni mazito na umefanya vyema kuuliza kabla ya kusema.

Ninavyoamini mimi, habari hiyo ni mali ya mama mkwe wako. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa hapa ni yeye. Mumeo anamwonea mamake huruma, na huruma hiyo ni ya kweli, lakini anamwamulia mtu mzima jambo linalomhusu babake mzazi. Mama huyo ameishi na pengo hilo umri wake wote. Ana nguvu kuliko mnavyodhani.

Jambo la kwanza, mwelewe bibi aliyekataa kuhama. Mtu asiyejua atamwona hakutaka kukubali ukweli. Tazama alichopewa: simu ya maandishi, barua ya kamanda wa kikosi, kisha baada ya miezi kama sita, karatasi ya serikali kwamba mumewe anahesabiwa kuwa amekufa. Hakuna aliyemwonyesha mwili wala kaburi. Na wapo waliopotea wakaja kugundulika kuwa hai katika kambi za wafungwa, kwa hiyo kungoja kwake kulikuwa na sababu. Kati ya wanahewa wapatao 125,000 waliohudumu katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, 55,573 walikufa. Vita vilipokwisha, jeshi la anga lilituma wachunguzi Ulaya kutafuta waliopotea, wakahoji wanakijiji na kufukua makaburi yasiyo na majina hadi mwaka 1949. Hata hivyo, mnara wa Runnymede uliozinduliwa mwaka 1953 una majina zaidi ya 20,000 ya wanahewa wasio na kaburi linalojulikana.

Msiba wa namna hiyo haukutupita sisi pia. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa katika Bahari ya Hindi, na wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki wakaenda nayo. Majina yao yamechongwa Nairobi, na jamaa zao hawakupata mtu wa kuzika.

Sasa tuingie kwenye la kufanya.

Anza na mumeo. Usimzunguke ukaenda kwa mamake peke yako, maana habari itageuka ugomvi wa nyumba. Mwombe awe yeye wa kusema, wewe ukiwa kando yake.

Kisha hakikisheni mnachokijua. Neno "huenda" lina uzito. Mwaka 2008 mabaki ya ndege aina ya Stirling yaligunduliwa katika ziwa Markermeer huko Uholanzi, na mwanzoni yalidhaniwa kuwa ya ndege nyingine. Baadaye ikathibitika kuwa ni BK716, iliyopotea Machi 1943 na watu wake saba, na ikaopolewa mwaka 2020. Fikiria familia iliyoambiwa mapema kuwa ni yao, kisha ikaambiwa siyo. Uholanzi ina mpango wa kitaifa wa kufukua ndege zinazodhaniwa kuwa bado na miili, na upande wa Uingereza wizara ya ulinzi ina kitengo cha kutambua mabaki ya askari. Mwandikieni mtafiti, mwulizeni kama wenye mamlaka wamearifiwa. Daftari za safari za vikosi zimehifadhiwa Kew, London, katika mafaili ya AIR 27. Humo mtaona ndege iliruka saa ngapi na kuelekea wapi.

Lakini msimfiche mama mpaka kila kitu kithibitike, kwani huenda ikachukua miaka. Mwambieni mchana, nyumbani kwake, kwa maneno machache: "Mama, kuna habari kuhusu babu. Haijathibitika. Ungependa kuisikia?" Halafu nyamazeni. Akitaka yote, mpeni yote. Akisema bado, ngojeni. Ikifika siku ya kuombwa vinasaba ili kulinganisha na mabaki, jibu litoke kinywani mwake.

Kumbukeni pia kwamba ndege ilikuwa na wengine sita: rubani, mwongoza njia, fundi wa injini, mlenga mabomu, mtu wa redio na mpiga bunduki wa juu. Kila mmoja ana jamaa. Msitangaze habari hii ovyo, wasije wakaisoma mitandaoni kabla ya kuambiwa na wahusika.

Na binti yako, mjibu kweli. Mwambie babu alijitolea mwenyewe, kwani wanahewa wote wa Uingereza walikuwa wa kujitolea, na alipigana na utawala katili wa Wanazi. Mwambie pia kwamba mabomu yaliangukia viwanda, na yakaangukia nyumba. Hamburg peke yake, Julai 1943, walikufa watu zaidi ya 30,000, wakiwemo watoto wa rika lake. Kumlilia babu hakumlazimu kuwasahau hao. Hapo Lincoln kuna kituo cha kumbukumbu ambacho kuta zake zina majina karibu 58,000 ya waliokufa wakiitumikia kamandi ya ndege za mabomu, si wanahewa peke yao. Mpelekeni alitafute jina la babu, na bibi yake aende nao kama atapenda.

Zungumza na mumeo wiki hii, mwanangu. Mama akisema hataki kusikia lolote, nyamazeni kwa moyo mweupe, maana mtakuwa mmemtii yeye na si hofu yenu.