Sauti Ikizidi, Kompyuta Haisikii

Leo tutajifunza namna ya kupima sauti inayotoka kwenye redio na kuingia kwenye kompyuta. Mtu atauliza, "Sisi watu wa Bagamoyo na mambo hayo wapi na wapi?" Subirini kidogo.

Wapo watu duniani wanaoitana kwa redio kwa kupenda tu, bila kulipwa. Hii ndiyo redio ya ridhaa. Hawapigi muziki wala hawatangazi habari. Huitana mmoja mmoja, nchi hadi nchi. Kila kituo kina jina la herufi na tarakimu. Jina likianza na 5H ni la Tanzania, 5Z ni la Kenya, 5X ni la Uganda. Kurusha kunataka leseni, na hapa kwetu hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Redio hizi hazitegemei minara ya simu. Mnara ukianguka kwa dhoruba, mwenye redio, betri na waya uliotundikwa kwenye mnazi bado anaweza kuita na kuitikiwa.

Siku hizi wengi hawasemi kwa mdomo, kompyuta ndiyo husema. Mwaka 2017 Wamarekani wawili, Joe Taylor na Steve Franke, walitoa njia iitwayo FT8. F ni Franke, T ni Taylor, na 8 ni idadi ya sauti zinazotumika. Ni kama filimbi nane zilizokaribiana sana. Kompyuta hupuliza filimbi hizo moja moja kwa karibu sekunde 13, na kila zamu ni sekunde 15. Kompyuta ya upande wa pili husikiliza, kisha huandika nani anaita na anamwita nani. Inasoma hata pale ambapo sikio la mtu linasikia mvumo mtupu.

Basi sisi tukawaza hivi: ikiwa sauti ndogo inasomeka, kubwa itasomeka zaidi. Jioni moja tuliunga waya kutoka redioni hadi kwenye kompyuta, tukafungulia sauti yote. Kioo kikajaa mistari kila mahali, lakini majina yakaja mawili matatu tu, tena ya wenye nguvu. Tukalaumu waya wa mnazini, tukalaumu hali ya hewa. Kumbe kosa lilikuwa mikononi mwetu.

Twendeni kwanza Nunge, kwenye mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwa kipimo, yakatandazwa bwawani, jua likayakausha. Yakiingia machache mno, chumvi ni kidogo. Yakiingia mengi mpaka yakapita juu ya tuta, umeharibu kazi, maana hata chumvi iliyokwisha kushika huyeyuka. Kompyuta nayo ina tuta lake. Hupokea sauti kwa kuihesabu. Mara 48,000 kwa sekunde huandika namba ya urefu wa wimbi, na namba kubwa kabisa inayotumika mara nyingi ni 32,767. Wimbi likipita hapo, kompyuta haina namba ya kuliandikia. Huandika 32,767, na tena 32,767. Kilele cha wimbi kinakatwa, kinakuwa bapa kama meza.

Wimbi lililokatwa namna hiyo huzaa sauti za uongo. Filimbi ya hezi 500 itazaa nyingine ya hezi 1,500, na nyingine ya 2,500. Sasa labda pale kwenye 1,500 palikuwa na mtu dhaifu akiita. Sauti ya uongo inamfunika. Kompyuta haikuambii kwamba imezidiwa, hunyamaza tu. Yule wa mbali naye, huenda betri yake inakwisha, atadhani hakuna aliyekuwa akisikiliza.

Dawa yake ni hii. Wengi hutumia programu iitwayo WSJT-X. Kwenye kioo chake, chini kushoto, kuna kipimo kama kile cha homa. Tafuta mahali redioni ambapo hakuna anayeita, pana mvumo peke yake. Punguza au ongeza sauti mpaka kipimo kisome karibu 30. Hapo nafasi ya juu inabaki kwa wenye nguvu, na wanyonge hawazami. Kikiwa chekundu, punguza. Waya nao usichomeke ovyo. Tundu la maiki limetengenezwa kwa sauti hafifu mno, na sauti inayotoka kwenye spika ya redio hulizidi kwa urahisi. Kama kompyuta ina tundu jingine la kuingizia sauti, tumia hilo. Halafu zima vitu vyote ambavyo kompyuta imewekewa kusafisha sauti. Vinafaa kwa mazungumzo ya simu. Hapa huona filimbi ya mtu wa mbali kuwa ni takataka, vikaifagia.

Wakati wa kurusha mambo ni yale yale, ila sasa unaowaumiza ni wengine. Filimbi zote nane hukaa katika nafasi ya hezi 50 tu, ndiyo maana watu wengi huweza kuita pamoja. Ukisukuma sauti nyingi kutoka kwenye kompyuta kwenda redioni, unatapakaa juu ya majirani. Redio nyingi zina sindano iitwayo ALC. Punguza mpaka sindano hiyo isitikisike, au itikisike kidogo sana. Punguza na nguvu ya redio yenyewe, maana FT8 haina pumziko kama maneno ya mtu, na chombo hupata moto haraka.

Zoezi la kikundi: asiye na kompyuta achukue simu yenye kurekodi. Rekodi ngoma ukiwa hatua 2 kutoka kwa mpigaji, kisha hatua 30. Sikilizeni pamoja. Ni katika ipi mnayasikia maneno ya mwimbaji?