Kupanda Mwamba kwa Gari Dogo: Somo la Msuguano na Kitovu cha Uzito

Mwanafunzi akiulizwa namna ya kulifanya gari lishike ardhi vizuri zaidi, mara nyingi hujibu bila kusita: "Liongezewe uzito." Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini chembe hiyo ikichukuliwa kuwa ndiyo ukweli wote, hupotosha.

Mimi mwenyewe nililiamini. Nilipokuwa masomoni Marekani nikitayarisha shahada ya udaktari, wenzangu walikuwa na magari madogo yanayoongozwa kwa redio, yaliyoundwa kwa kupanda miamba. Nilipopewa moja nilijaribu, nalo likateleza. Nikafunga vipande vya risasi juu ya paa lake. Safari hii halikuteleza. Lilinyanyua pua, likapinduka kichalichali na kuvunjika. Fundi wa karakana alivibandua vile vipande, akavitia ndani ya magurudumu ya mbele. Uzito ulikuwa ule ule, lakini gari likapanda. Makala haya yanakusudia kueleza sababu yake.

Chanzo cha mchezo huu

Magari hayo madogo yanaiga makubwa. Mwaka 1953 madereva wa magari ya Jeep walikusanyika kuvuka njia ya mawe ya Rubicon katika milima ya Sierra Nevada, California, na safari hiyo ikawa desturi. Katika kazi hiyo mwendo wa kasi hausaidii. Linalotakiwa ni gari kutambaa polepole, kila gurudumu likitafuta mahali pa kushika. Gari-mfano la kawaida ni sehemu moja ya kumi ya gari halisi. Umbali baina ya ekseli zake mbili ni kama milimita 300, na magurudumu yote manne huendeshwa na mota.

Kwa nini uzito peke yake hausaidii

Uzito wa gari lililo kwenye mteremko hugawanyika sehemu mbili. Sehemu moja hulivuta gari chini, sambamba na mteremko. Ya pili huyakandamiza matairi juu ya jiwe. Mwaka 1699 Guillaume Amontons wa Ufaransa alieleza kwamba msuguano hulingana na kani inayokandamiza. Uwiano baina ya hizo mbili huitwa kizigeu cha msuguano.

Sasa, tukiuzidisha uzito mara mbili, msuguano utazidi mara mbili. Lakini kani inayolivuta gari chini nayo itazidi mara mbili. Hatukupata faida yoyote. Gari litateleza pale tanjenti ya pembe ya mteremko inapolingana na kizigeu. Kizigeu kikiwa 0.8, pembe hiyo ni kama digrii 39. Kikiwa 1, ni digrii 45. Uzito haumo kabisa katika hesabu hii.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani bila gari. Funga tofali kwa mpira wa ndani wa baiskeli, liweke juu ya ubao, kisha inua ncha moja ya ubao polepole mpaka tofali lianze kuteleza. Pima pembe. Weka tofali la pili juu ya lile la kwanza na urudie. Pembe itakuwa karibu sawa.

Mahali uzito ulipo

Kama uzito hauzuii kuteleza, kwa nini lile gari langu lilipanda? Jibu ni kwamba kuna hatari mbili: kuteleza na kupinduka. Juu ya mwamba wenye kingo, tairi huuma jiwe na kushika kuliko juu ya ubao. Hapo gari linaweza kufika pembe ya kupinduka kabla ya kuteleza.

Gari hupinduka pale mstari wa timazi unaoshuka kutoka kitovu cha uzito unapopita nje ya mahali magurudumu yanapogusa chini. Tuuite umbali wa kitovu kutoka ekseli ya nyuma b, na kimo chake kutoka ardhini h. Gari linalopanda litapinduka kwa nyuma pale tanjenti ya pembe inapofikia b gawanya kwa h.

Tuchukue mfano. Gari lina milimita 300 baina ya ekseli, uzito umegawanyika nusu kwa nusu, na kitovu kina kimo cha milimita 90. Basi b ni 150, na 150 gawanya kwa 90 ni 1.67: gari litapinduka kwenye digrii 59. Sasa tushushe kitovu mpaka milimita 70, na tukisogeze mbele ili asilimia 60 ya uzito iwe juu ya ekseli ya mbele. Hapo b ni 180, na pembe ya kupinduka inafika karibu digrii 69.

Hata kabla ya kupinduka kuna tofauti kubwa. Kwenye mteremko wa digrii 45, fungu la kani inayokandamiza linalobebwa na magurudumu ya mbele ni b kutoa h, gawanya kwa umbali wa ekseli. Gari la kwanza lina 60 gawanya kwa 300, yaani asilimia 20 tu. Magurudumu ya mbele yanakaribia kuelea. Gari la pili lina 110 gawanya kwa 300, yaani karibu asilimia 37. Likikutana na kidato cha jiwe, magurudumu yake ya mbele yana nguvu ya kukikamata.

Hapa mpira wa tairi nao una neno lake. Mpira laini hauitii kanuni ya Amontons kikamilifu: mzigo ukizidi, msuguano huongezeka, ila si kwa kiwango kile kile. Kwa hiyo matairi mawili yaliyolemewa na mawili yaliyo karibu kuelea hushika kidogo kuliko manne yanayogawana mzigo kwa haki.

Njia za kulirekebisha gari

Kwanza, hamisha kabla ya kuongeza. Betri ya gramu 300 ikisogezwa mbele milimita 200, katika gari la gramu 3,000, kitovu cha uzito kitasogea milimita 20. Bodi nayo iwe nyepesi.

Pili, ikilazimu kuongeza, ongeza chini: ndani ya magurudumu au kwenye ekseli, hasa ya mbele. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ya shaba iliyochanganywa na zinki, kama gramu 8.5, ya risasi, gramu 11.3. Risasi ni sumu: isiyeyushwe darasani, na mikono ioshwe baada ya kuishika.

Tatu, tairi liwe laini, lenye sponji ndani badala ya upepo uliofungiwa, na rimu iwe na tundu la kupitisha hewa, ili tairi libonyee na kulikumbatia jiwe.

Nne, difu ifungwe. Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili ya ekseli msokoto ulio sawa. Moja likining'inia hewani, la pili nalo halipati nguvu. Ikifungwa, yote mawili huzunguka pamoja.

Lakini kila dawa ina kipimo chake. Uzito wa mbele ukipita kiasi, gari litapinduka kwa mbele wakati wa kushuka. Na kila gramu iliyoongezwa huchosha mota na ekseli. Kushusha kitovu, kinyume chake, husaidia pande zote. Gari letu la mfano likiwa na milimita 200 baina ya magurudumu ya kushoto na kulia, kimo cha 90 hulipindua kwa ubavu kwenye digrii 48. Kimo cha 70, kwenye digrii 55.

Somo lililo kubwa kuliko mchezo

Hesabu hii haichagui ukubwa wa gari. Basi lililopakiwa magunia juu ya paa, au lori lililorundikwa shehena hadi juu, kitovu chake kimepanda. Na ukingo wa barabara ulioinama, ambao lingeupita salama likiwa tupu, waweza kulilaza ubavu. Dereva asemaye kwamba mzigo "unalikalisha gari barabarani" anarudia kosa langu la paa, ila yeye amebeba watu. Mwanafunzi aliyeuona mfano mdogo ukianguka mezani hatalisahau hilo atakapokuwa na usemi juu ya namna gari linavyopakiwa.

Maswali

1. Gari-mfano lina gramu 1,400 kwenye ekseli ya mbele na 1,100 kwenye ya nyuma, na milimita 300 baina ya ekseli. Tafuta b.

2. Gari hilo liliwekwa juu ya ubao, magurudumu ya nyuma yakazuiwa kwa ufito mwembamba. Ubao ulipoinuliwa digrii 63, ya mbele yakaanza kunyanyuka. Tafuta h.

3. Je, gari hilo litapinduka kwa mbele kwenye mteremko wa digrii ngapi? Eleza kwa nini pembe hiyo ni ndogo kuliko ya kupanda.